Radisson Blu au Mille Collines kwa familia yenye watoto

Kwa familia inayokwenda kucheza Nyandungu, bustani ya ardhi oevu iliyofunguliwa Kigali mwaka 2022, hoteli ya Radisson Blu inafaa zaidi: iko kando ya Kigali Convention Centre, upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Jumapili zile ambazo magari huzuiwa asubuhi, barabara za jirani huwa za baiskeli na watoto, raha isiyolipiwa hata faranga. Mille Collines, hoteli ya tangu 1973, iko Kiyovu, karibu zaidi na Mlima Kigali, ambako Fazenda Sengha hupandisha watoto farasi. Hotelini humo, mzazi hunywa chai kando ya bwawa akiwaona watoto wakiogelea. Kokote mtakakolala, nauli ya teksi ihesabiwe mapema, maana pikipiki huruhusiwa abiria mmoja tu.