MIKONO YA KAZI: Rabo ya babu haiuzwi kwa kilo

Ndugu msomaji, kabla ya kusoma zaidi, angalia chini ya kitanda, nyuma ya mlango wa jikoni, na ndani ya lile sanduku ambalo halifunguliwi tena tangu mzee alipofariki. Huenda utakuta huko chuma chenye kutu, au gogo fupi la mbao lenye tundu katikati. Usikitupe. Inawezekana ni rabo, ile ambayo vitabu vinaiita randa.

Fikiri nyumba moja ya Kibumba, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru. Mnunuzi wa vyuma amesimama njiani na mizani yake. Kijana ameshika rabo ya marehemu babu.

– Papa, hii chuma iko inalala tu. Niiuzishe, nipate ya kwenda Rubaya?

– Hapana, mwana wangu. Hii njo ililipa minerval yangu.

Vijana, hatusemi kuchimba koltani ni aibu. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu baba zenu ni wachimbaji. Lakini fanyeni hesabu. Bei ya kilo mbili za chuma inaisha siku ile ile. Rabo iliyonolewa inalisha nyumba miaka.

Na kazi ya mbao kwetu haikosi. Goma imejengwa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilichoma katikati ya mji, na watu wengi walijenga tena kwa mbao. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka mara nyingine. Mwaka 2022 vita vilikimbiza watu wa Kibumba hadi Kanyaruchinya. Mtu akirudi kwake baada ya mambo kama hayo, anatafuta nini kwanza? Mlango. Chukudu inaweza kuchongwa kwa panga. Mlango unaofunga vizuri, hapana. Unahitaji rabo.

Tena chombo hiki ni cha kale. Kule Pompeii, mji wa Italia uliofunikwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, wamechimbua rabo za Warumi. Mji ulikufa chini ya majivu, rabo zikabaki.

Sasa tujifunze kuzijua. Ziko aina mbili.

Ya kwanza ni ya mbao: gogo la mti mgumu, na chuma kilichobanwa na kabari. Soma alama iliyo juu ya chuma. Ukiona Peugeot Frères na picha ya simba, usishangae: jamaa ile ilitengeneza misumeno na vyombo vya mafundi kabla ya kutengeneza magari. Ukiona Goldenberg, chuma hicho kilitoka Alsace, Ufaransa.

Ya pili ni ya chuma. Nyingi zinafuata mpango wa Mmarekani Leonard Bailey, ambaye kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869. Nambari inakuambia kipimo: 4 ina urefu wa sentimita 25 hivi, 5 ina 35, na 7 ina 56. Toa kile chuma kinachokata, uangalie chini yake. Kwenye Stanley za zamani utakuta tarehe za haki ya uvumbuzi. Ukisoma mwaka 1910, basi rabo hiyo haikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Zile zenye jina Record zilianza kutoka Sheffield, Uingereza, mwaka 1931.

Kwa nini urefu ni mbalimbali? Rabo fupi inaingia hata bondeni, inalainisha tu. Ile ndefu inapita juu ya vilima, inavikata kwanza, na mbao inanyooka. Kwa hiyo, kama unakusanya, usikusanye ishirini za kupanga ukutani. Tatu zinatosha: fupi, ya kati na ndefu.

Kabla ya kununua, ipime. Ya chuma, angalia pembe za mdomo wake; hapo ndipo inapopasuka ikianguka, na ufa huo ni vigumu kuunga. Ya mbao, angalia matundu ya wadudu. Kutu ya juu juu isikuogopeshe: siki, burashi na mafuta vinaitoa. Kutu iliyochimba mashimo karibu na makali, hiyo ndiyo mbaya.

Kunoa: bandika msasa juu ya kioo kinene. Sugua mgongo wa chuma hadi karibu na makali kung'ae. Kisha noa mteremko wake. Huna kipimo? Urefu wa mteremko uwe mara mbili na kitu ya unene wa chuma. Usinoe kwenye jiwe la lava. Lina matundu, litatafuna makali. Ukitumia mashine, chovya chuma majini kila mara. Kikigeuka bluu, ugumu wake umekwenda.

Kupiga rabo: fuata nyuzi za mbao, kama unavyopapasa mbuzi kwa upande manyoya yanakolala. Mbao ikichanika, igeuze. Rabo ya mbao, ukitaka ikate zaidi, gonga chuma polepole kwa juu; ukitaka ipunguze, gonga kisigino cha gogo, halafu kaza kabari. Na mbao iliyotoka nyumba ya zamani, toa misumari na ufute mchanga kwanza. Msumari mmoja unaharibu kazi ya kunoa ya asubuhi nzima.

Neno la mwisho ni kwa wale ambao wamekimbia na wanajua kukimbia. Rabo ndefu ya mbao ni nzito, na mtu aliye na mtoto mgongoni hawezi kuibeba. Basi gonga kabari, toa chuma, kifunge katika kitambaa, ukitie mfukoni. Gogo liache. Ukifika mahali pa kukaa, tafuta kipande cha mti mgumu uliokauka vizuri, ulichonge upya kwa mfano wa lile la kwanza. Gogo linapatikana tena. Chuma kizuri cha zamani hakipatikani kila siku.

Mwezi huu, kijana, fungua lile sanduku. Muulize papa au babu nani alitumia rabo ile, na ilitengeneza mlango gani ambao bado unasimama. Andika jina lake katika kitabu. Kisha anza kunoa.