Gari la dizeli likipiga filimbi, lisikilize

Gari la dizeli lililozeeka huanza kulalamika kabla halijaharibika.

Ukikanyaga mafuta likapiga filimbi kuliko kawaida, likakosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, mwambie fundi aanze na mipira ya hewa kati ya turbo na injini. Mara nyingi mpira umepasuka au kibano kimelegea, na turbo yenyewe ni nzima. Usinunue nyingine kabla hajakagua hapo.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Huenda sili za turbo zimechoka. Usicheleweshe, maana injini ya dizeli inaweza kuivuta oili hiyo ikaendelea kunguruma hata ukizima swichi. Mlio wa kugonga usipoisha injini ikishapata moto, nozeli zipimwe.

Na mapafu je? Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani. Usiwashe gari kwenye banda lililofungwa, na watoto wasisimame nyuma yake fundi anapolijaribu.