Chui wa Nijo na Picha za Robanda

Hoja ya wapinzani wetu mmeshaisikia, wasomaji, na ninyi ndio waamuzi: picha za Tingatinga zinazouzwa kwa watalii wanaopita Robanda kuelekea lango la Ikoma, Serengeti, si sanaa, ni bidhaa tu, anayetaka sanaa yenye mapokeo aitazame Japani. Haya, twende Japani. Shahidi huyo wamemwita wenyewe.

Wanadai kwamba mchoraji wa Dar es Salaam hana haki ya kuchora simba wa Serengeti ambaye hajapata kumwona. Dai lina mashiko: mtu achore anachokijua. Lakini katika kasri la Nijo, mjini Kyoto, kuna kuta na milango yenye picha za simbamarara, kazi ya wachoraji wa ukoo wa Kano ya mwaka 1626. Japani haina simbamarara mwituni. Wachoraji walitegemea ngozi zilizoletwa kutoka ng'ambo na picha za Kichina. Tazama kwa karibu: kati ya wale wenye milia wamo chui wenye madoa, kwa sababu waliaminika kuwa ndio majike yao. Mtoto anayechunga mbuzi Ikoma angecheka hadi alale chini. Hata hivyo picha hizo zinalindwa kisheria, na sijasikia wapinzani wetu wakitaka zing'olewe.

Wanasema pia kwamba sanaa hii ilizaliwa sokoni. Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akiwauzia wageni kule Oysterbay. Sasa mlinganisheni na Hokusai, mchoraji wa Kijapani. Lile Wimbi Kuu lake, la mwaka 1831 hivi, lilichapwa kwa maelfu, na nakala moja iliuzwa kwa bei isiyopita sana ile ya bakuli la tambi. Yeye alichora tu. Wengine walichonga mbao, wengine wakapiga chapa, na mchapishaji akatia mtaji. Buluu yake nayo asili yake ni Berlin. Kwa hiyo rangi ya Mjerumani ni mapokeo, ya baiskeli ni uchafu?

Dai la kunakili ndilo wanalolipenda zaidi, na ndilo linalowaumbua. Wanafunzi wa Kano walinakili vielelezo vya walimu wao kwa miaka mingi; hiyo ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Van Gogh alinakili picha za Mjapani Hiroshige mwaka 1887, akaitwa gwiji. Kijana wa Kitanzania akirudia tembo wa mwalimu wake, anaitwa mwizi. Isitoshe, wanalalamika kwamba wachoraji wetu hawabadiliki, kisha kabla hawajavuta pumzi wanalalamika kwamba wanabadilika kila ladha ya mnunuzi inapogeuka. Wachague moja.

Kuhusu umri, nitasema kidogo. Huo uchoraji wa Kijapani wanaouona wa kale tangu mwanzo wa dunia ulitengwa kama fani yenye jina lake katika miaka ya 1880, kwa kuukabili wa Ulaya. Nao ulikuwa mchanga siku hiyo.

Linabaki dai kwamba mchoraji hupata kidogo kuliko muuza duka. Hilo ni suala la bei na mikataba, wala halithibitishi kwamba picha si sanaa. Wakitaka kulijadili, walete hesabu, nasi tutawasikiliza.