PUNGUZO LA MOTOKAA ZA STIMA: FEDHA NI YA NANI?



Serikali ikitoa fedha ili watu wapate motokaa za stima kwa bei nafuu, na mfanya kazi asiye na uwezo wa kununua akakodi gari lake kwa malipo ya kila mwezi, je, fedha ile ni ya nani? Ni ya yule alipaye kila mwezi, au ni ya kampuni ambayo jina lake limeandikwa katika hati ya gari? Jambo hili lilisumbua watu wengi huko Marekani tangu mwaka 2022 mpaka 2025, na jibu lililotolewa na sheria halikumpendelea mfanya kazi. Wengine watasema Marekani ni mbali nasi. Sisi twasema kuwa mkataba mbaya ni mkataba mbaya popote ulipoandikwa, na afadhali tujifunze kwa hasara ya wenzetu kuliko kungoja yetu.

Kwanza tueleze mambo yalivyokuwa. Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia sahihi sheria kubwa iliyosema, pamoja na mambo mengine, kwamba mtu anunuaye motokaa mpya ya stima aweza kupunguziwa kodi yake hadi dola 7,500. Punguzo hilo lilikuwa na masharti. Gari sharti liwe limeungwa katika kiwanda cha Amerika ya Kaskazini. Madini na vipande vya betri sharti vitoke katika nchi zilizokubaliwa. Bei isizidi dola 55,000 kwa gari dogo, wala dola 80,000 kwa gari kubwa au pikapu. Naye mnunuzi asiwe na mapato zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka ikiwa ni mtu peke yake, au dola 300,000 ikiwa ni mume na mke wanaoandika kodi pamoja.

Masharti hayo hatuyalaumu yote. Tajiri hana haja ya kusaidiwa na mfuko wa umma ili anunue gari la fahari. Na sharti la kiwanda lilikuwa na maana kubwa kwa wafanya kazi: ikiwa fedha ya umma yatolewa, basi izae kazi kwa watu walioitoa.

Lakini katika sheria ile ile palikuwa na kifungu kingine, kilichohusu magari ya biashara. Kifungu hicho hakikuuliza gari limeungwa wapi. Hakikuuliza madini yametoka wapi. Hakikuweka kikomo cha bei wala cha mapato. Mwezi wa Desemba 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani ikaeleza kwamba kampuni ikodishayo magari iko katika biashara, na kwa hiyo gari inalolinunua ili kumkodisha mtu wa kawaida ni gari la biashara. Mwenye gari ni kampuni, na punguzo la dola 7,500 ni la kampuni. Seneta Joe Manchin, ambaye alikuwa na mkono mkubwa katika kuiandika sheria hiyo, alipinga maelezo hayo. Serikali za Ulaya na ya Korea ya Kusini, zilizokuwa zimelalamika kwa sababu magari yao yameachwa nje, ziliona mlango umefunguka. Tangu hapo kukodi magari ya stima kukazidi sana.

Sasa tazameni matatizo yaliyomfikia mfanya kazi.

Tatizo la kwanza: sheria haikuilazimisha kampuni kumpa mkodi hata senti moja. Kampuni nyingine zilipunguza dola 7,500 zote katika hesabu ya mkataba, nyingine zilipunguza sehemu tu. Mkodi hakuweza kwenda ofisi ya kodi na kudai haki yake, maana kwa sheria haki haikuwa yake. Hebu tupige hesabu. Mkataba wa miezi 36 ukipewa punguzo lote, malipo hupungua dola 208 na senti 33 kila mwezi. Kampuni ikitoa nusu tu, dola 104 na zaidi zabaki mfukoni mwake kila mwezi, kwa miaka 3, na yule alipaye huenda asijue kamwe. Hakuibiwa, maana sheria iliruhusu. Lakini fedha iliyotolewa kwa jina lake haikumfikia.

Tatizo la pili: mtu mwenye mshahara mdogo hakuwa na hiari kamili. Punguzo la mnunuzi halikuweza kuzidi kodi anayodaiwa. Aliyedaiwa kodi ya dola 2,000 tu kwa mwaka alipata dola 2,000, na zile 5,500 zilizobaki zikapotea. Tajiri mwenye kodi kubwa, mradi hakuvuka kikomo cha mapato, alipata zote. Jambo hili lilirekebishwa kuanzia Januari 2024, mnunuzi aliporuhusiwa kumwachia muuza motokaa punguzo lake na kukatiwa bei siku ile ile. Kabla ya hapo, mtu wa mshahara mdogo aliyetaka faida ya dola 7,500 alisukumwa kukodi, na akikodi alikuwa mikononi mwa kampuni.

Tatizo la tatu: si kila karatasi iitwayo mkataba wa kukodi ni ya kukodi kweli. Ofisi ya kodi ilisema itatazama mambo yenyewe na si jina lake. Ikiwa muda wa mkataba wamaliza karibu maisha yote ya gari, au mkodi amepewa nafasi ya kulinunua mwishoni kwa bei ya kutupa, basi huko ni kuuza kuliko kufichwa, na mkodi ndiye mwenye gari. Hapo kampuni ilipoteza punguzo, na mkodi alirudi kwenye masharti ya mnunuzi, yaani mapato, bei na kiwanda. Mwanasheria hulielewa jambo hilo. Je, dereva au mpishi aliyetia sahihi Jumamosi jioni baada ya kazi atalielewa?

Tatizo la nne: mkodi alipolipenda gari na kulinunua mkataba ulipoisha, hakuweza tena kudai punguzo la gari jipya. Gari limekwisha kutumika, ijapokuwa aliyelitumia ni yeye mwenyewe.

Tusidhani kwamba haiwezekani kufanya vingine. Jimbo la California lilikuwa na mpango wake wa kuwarudishia fedha wenye motokaa za stima, uliofungwa kwa maombi mapya mwezi wa Novemba 2023. Mpango huo ulimpa fedha mkodi mwenyewe, si kampuni. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini nao ulikuwa na sharti lake: mkataba usipungue miezi 30. Aliyekodi kwa miezi 24, kwa sababu hakuwa na hakika na kazi yake, aliachwa nje. Nani asiye na hakika na kazi yake? Si bwana mkubwa. Ni kibarua, ni mtu wa mkataba mfupi.

Ufaransa nayo ilijaribu mwaka 2024. Serikali ilitangaza motokaa za stima za kukodi kwa euro 100 hivi kwa mwezi, kwa watu wenye mapato madogo tu. Serikali ililipa hadi euro 13,000 kwa gari moja. Mwombaji alitakiwa awe anakaa zaidi ya kilomita 15 kutoka kazini na kwenda huko kwa gari lake, au awe anaendesha zaidi ya kilomita 8,000 kwa mwaka kwa ajili ya kazi. Watu wakamiminika, na kabla Februari haijaisha mpango ulikuwa umefungwa, baada ya maombi 50,000 hivi kukubaliwa. Nia yao twaisifu. Lakini pimeni sharti la kilomita. Mfanya kazi wa zamu ya usiku anayekaa kilomita 12 kutoka kiwandani, mahali pasipo basi saa nane za usiku, hakustahili. Mwenzake wa kilomita 16, aliye karibu na stesheni ya treni lakini amezoea gari, alistahili. Anayeandika sharti mezani hupima njia kwa rula. Mfanya kazi huipima kwa miguu yake.

Sasa twajua wako watakaotujibu hivi: “Mbona mwalalamika? Kwa njia ya kukodi watu wengi walipata magari rahisi. Ingekuwa sharti la kiwanda na la bei lafuatwa, wangekosa.” Ni kweli, na hatutalificha. Mlango ule uliwafaa watu wa mishahara ya kawaida, hasa pale kampuni iliposhindana na mwenzake na kutoa punguzo lote. Lakini mlango huo huo ulimpitisha milionea aliyekatazwa kununua kwa punguzo. Na ulipitisha magari yaliyoungwa ng'ambo, kwa fedha ya kodi ambayo fundi wa Detroit aliambiwa itajenga kazi kiwandani kwake. Mfanya kazi mmoja akapata gari rahisi, na mwenzake akapoteza kinga ya kazi yake. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyika, na sheria mbaya huwafanya wafanya kazi wawili waonane maadui, hali fedha imekwisha kupita kati yao ikaenda kwingine.

Twaamini masharti mawili yangetosha kuwapatanisha. Moja, punguzo lote limfuate mtu alipaye, liandikwe kwa tarakimu katika mkataba, na kampuni ishikwe na sheria ikilificha. La pili, masharti ya kazi na ya mapato yawe sawa kwa mnunuzi na kwa mkodi.

Hayo hayakufanywa. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria nyingine, na mapunguzo hayo, la mnunuzi na la kampuni, yakakoma kwa magari yaliyopatikana baada ya tarehe 30 Septemba 2025. Waliokwisha kutia sahihi mikataba yao waendelea kulipa mpaka muda uishe.

Nasi hapa Kenya tuna sababu ya kusikiliza. Mwaka 2019 Serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa motokaa za stima kutoka 20 kwa mia mpaka 10 kwa mia. Ndugu zetu wa bodaboda wamekwisha kuanza kuendesha pikipiki za stima, na mara nyingi mwendeshaji hulipia pikipiki pole pole huku betri ikibaki mali ya kampuni, naye huibadilisha kituoni kwa malipo. Hatusemi mpango huo ni mbaya. Kwa wengi waweza kuwa nafuu kuliko petroli. Twasema tu kwamba swali ni lile lile: ushuru ukipunguzwa bandarini, je, mwendeshaji wa Kisumu au Nakuru auona upungufu huo katika malipo yake ya siku?

Kwa hiyo twawashauri wanachama mambo haya. Kwanza, ulizeni mwenye mali ni nani mpaka mwisho wa malipo, na aandikwe. Pili, ulizeni ni nafuu gani ya kodi au ushuru iliyotolewa kwa chombo hicho, na ni kiasi gani kimepunguzwa katika malipo yenu. Tatu, ulizeni itakuwaje mkifukuzwa kazi, mkiugua au chombo kikiibwa kabla muda haujaisha. Nne, msitie sahihi siku ile ile. Chukueni karatasi, mwoneshe katibu wa tawi lenu au mtu ajuaye kusoma mikataba, kisha ndipo mrudi.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Punguzo lisiloandikwa kwa jina la mfanya kazi ni mali ya namna hiyo. Mtu mmoja akiuliza peke yake ataambiwa ana kelele. Tawi zima likiuliza, itabidi jibu litolewe.

Umoja ni nguvu.