Mwongozo Usichukue Mahali pa Kitabu

Nimefundisha Kiingereza na fasihi yake katika shule za upili kwa miaka mingi, na leo ningependa kukiri kosa langu mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi.

Tamthilia ya A Doll's House ya Henrik Ibsen, mwandishi wa Norway, ilipokuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE, niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne insha kuhusu dhuluma wanazopata wanawake katika tamthilia hiyo. Nilipoanza kusahihisha, nilidhani ninasoma karatasi moja iliyorudufiwa. Utangulizi ulikuwa mmoja, na hoja zilikuwa nne zile zile, kwa mpangilio ule ule. Zote zilitoka katika mwongozo uliouzwa madukani, nami ndiye niliyewahimiza waununue.

Karatasi moja tu ilikwenda kinyume. Msichana mmoja aliandika juu ya Anne-Marie, yaya aliyemwacha bintiye mikononi mwa watu wengine ili apate kazi ya kumlea Nora, na baadaye akawalea watoto watatu wa Nora. Bintiye alimwandikia barua alipopata kipaimara, na tena alipoolewa. Msichana huyo aliuliza: Nora anapofunga mlango na kwenda zake kutafuta uhuru, ni nani anayebaki na watoto? Si yaya yule yule?

Nilimpa alama 8 kati ya 20, nikaandika kwa wino mwekundu: "Hoja hizi hazimo." Kesho yake alinijia na kitabu mkononi, akanifungulia ukurasa baada ya ukurasa. Hoja zilikuwamo. Hazikuwamo katika mwongozo tu. Kisha akasema kwa adabu, "Mwalimu, mimi ninamjua Anne-Marie. Mama analea watoto wa watu Nairobi, nami nimelelewa na nyanya."

Nilizirekebisha alama zake, lakini aibu ile sijaisahau hadi leo.

Sisemi kwamba miongozo ipigwe marufuku. Humsaidia mwanafunzi kukumbuka mtiririko wa matukio. Hata hivyo, wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtahini hubadilisha swali, na aliyekariri insha ya mwingine hulijibu swali ambalo hakuulizwa. Isitoshe, kuandika insha ni kujifunza kufikiri: kutoa hoja, kuithibitisha kwa tukio la kitabuni, na kueleza kwa nini tukio hilo ni ushahidi. Kijana atakapotoka shuleni na kuhitajika kuandika ripoti ya kazi au kutetea haki yake kwa barua, hatapata mwongozo dukani.

Najua walimu watanijibu kwamba madarasa yamefurika, na kwamba shule hupimwa kwa wastani wa alama. Ni kweli. Kusahihisha insha hamsini usiku mmoja si mchezo, na insha zinazofanana husahihishika upesi. Lakini wepesi huo tunaulipia kwa akili za watoto wa watu.

Rai yangu ni hii. Kitabu kisomwe kwanza, kwa sauti darasani inapowezekana, na mwongozo ufuate baadaye. Badala ya insha ndefu mara moja kwa muhula, mwanafunzi aandike aya moja kila wiki, yenye hoja moja na ushahidi wake, kisha aiandike upya baada ya kusahihishwa. Nasi walimu tukikuta hoja tusiyoijua, tufungue kitabu kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.

Anne-Marie amekuwamo katika tamthilia hiyo tangu ilipochapishwa mwaka wa 1879. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nisimwone. Aliyenionyesha ni mwanafunzi niliyekuwa nimemwangusha.