Uhaba wa dawa usimwamulie mgonjwa wa mfadhaiko

MGONJWA wa mfadhaiko anapofika katika duka la dawa la hospitali ya kaunti na kuambiwa fluoksetini imekwisha, huenda akapewa amitriptilini badala yake, akaianza usiku huo huo. Zote ni dawa za maradhi hayo hayo, naye atadhani kilichobadilika ni umbo la tembe tu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Fluoksetini haitoki mwilini upesi. Masalia yake huweza kudumu hadi wiki tano baada ya tembe ya mwisho kumezwa. Muda huo huizuia ini kuivunjavunja amitriptilini inavyostahili. Kipimo ambacho ni cha kawaida kwa mtu mwingine hupanda katika damu ya mgonjwa huyu, na kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kutetemeka, joto jingi la mwili na kuchanganyikiwa pia huweza kuzuka, kwa kuwa dawa zote mbili huongeza nguvu ya serotonini katika ubongo.

Ndiyo maana daktari anayepanga badiliko hilo huanza na kipimo kidogo, mara nyingi baada ya kusubiri, kisha hukipandisha polepole huku akimwita mgonjwa arudi kliniki. Anayeiacha amitriptilini naye hupunguziwa hatua kwa hatua. Kuikatiza ghafla huleta kichefuchefu, kukosa usingizi na wasiwasi, mambo ambayo jamaa zake hudhania ni maradhi yaliyorejea.

Utaratibu huo unahitaji dawa ziwepo, na daktari wa kuonwa zaidi ya mara moja. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, ununuzi wa dawa umekuwa jukumu la kaunti, na madeni yao kwa Mamlaka ya Kusambaza Dawa (KEMSA) yamekuwa wimbo usiokwisha. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022. Yote mema, lakini sheria haijazi rafu za dawa.

Kule kukawia kwa fluoksetini mwilini, angalau, humpa mgonjwa siku kadhaa za kumtafuta daktari. Kabla ya kuondoka dirishani, ana haki ya kumuuliza mfamasia: je, daktari amearifiwa kuhusu badiliko hili, na dawa hii mpya ianzwe lini?