Sumu ya Shambani na Yai la Mwari



Mwari wa kahawia, ndege wa pwani za Marekani mwenye mfuko chini ya mdomo, huatamia mayai yake kwa nyayo, mwezi mzima hivi. SubhanaAllah! Lakini dawa ya DDT ilitoka mashambani ikafika baharini, ikaingia kwa samaki, kisha kwa mwari. Maganda ya mayai yakawa membamba. Mzazi akiatamia, yanapasuka. Kufikia 1963, jimbo la Louisiana halikuwa na mwari tena. DDT ilipigwa marufuku 1972, na leo mwari wamerudi.

Basi usiseme, "Napuliza shambani kwangu tu." Sumu haijui mpaka. Ardhi ni amana, nawe utaulizwa. Pima dawa, wala usioshee bomba mtoni.

Wallahu a'lam.